Mmetuletea nini kutoka ng'ambo?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kulalamikia safari za nje za vikundi vya kanisa, akauliza, kwa maneno makali kidogo, watu hao hurudi na nini zaidi ya picha na makoti ya kuazima. Swali lake si la bure, wala sina nia ya kumkemea. Mimi ni mwalimu mstaafu, na ndiye niliyekuwa mweka hazina wa msafara wa watu wanane wa ushirika mmoja wa Kanisa la Moravian hapa Tabora, tuliokwenda mwaka jana kuwatembelea Wamoravian wenzetu wa Denmark na Ujerumani. Kwa kuwa nyumba yangu iko kata ya Ng'ambo, majirani walinitania tangu siku ya kuaga kwamba ninatoka Ng'ambo kwenda ng'ambo. Niliporudi, mtu wa kwanza kunilaki, hata kabla hajanipa "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, aliuliza: "Mwalimu, mmetuletea nini?"

Swali hilo ni la zamani katika nchi hii ya Unyamwezi. Babu zetu walikuwa wapagazi mashuhuri, waliobeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kwa miguu, na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa sawasawa kuwa mwanamume. Aliyerudi alirudi na nguo, shanga na waya wa shaba, na waliotoka kumpokea hawakuona haya kuutazama mzigo kabla hawajautazama uso. Sishangai, basi, kwamba wajukuu wa wapagazi wanaendelea kuuliza. Kinachonisikitisha ni kwamba mzigo unaotarajiwa siku hizi ni wa aina moja tu, yaani fedha ya mfadhili. Msafara ukirudi na ahadi ya kisima au mabati, safari imefaulu. Ukirudi mikono mitupu, basi ulikwenda kutalii.

Mimi ninaamini kinyume chake, na ndiyo sababu ya kuandika barua hii: msafara wa kanisa unaokwenda kuwaona ndugu wa kanisa usibebe andiko la mradi hata moja. Jambo hili halikuwa rahisi kwetu. Baraza la wazee lilikaa jioni mbili likibishana, kwa kuwa zahanati iliyo jirani na kanisa letu inavuja, na wapo waliosema, si bila sababu, kwamba ni upumbavu kusafiri kwa ndege hadi mlangoni mwa mtu mwenye uwezo kisha ukaishia kumwimbia tenzi. Mzee mmoja ndiye aliyetuamua. Alisema kwamba tukienda na andiko tutakuwa wageni kwa dakika tano, na siku kumi na tatu zitakazobaki tutakuwa waombaji. Tukapiga kura, andiko likabaki Tabora.

Kuhusu gharama, kwa kuwa msomaji yule aligusia sadaka, niseme kwamba hakuna shilingi ya sadaka ya Jumapili iliyotumika. Kila msafiri alijiwekea akiba kwa miaka miwili, kwaya ikauza karanga na asali, na wenyeji wetu wakatupokea majumbani mwao wakabeba chakula na usafiri wa huko. Ushirika ulitupa chai na maandazi siku ya kuagwa. Hesabu hizo zimeandikwa na stakabadhi zimebandikwa, na nitalirudia jambo hilo mwishoni.

Sehemu inayoniuma ni ya viza. Tulioomba tulikuwa kumi, tukasafiri wanane. Pasipoti peke yake ni shilingi 150,000, na mtu wa Tabora lazima pia aende mwenyewe Dar es Salaam kutoa alama za vidole, akiwa na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, barua ya mwaliko na taarifa ya benki. Ada ya viza ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni euro 90, na ukinyimwa hairudishwi. Wenzetu wa huko wakitaka kuja Tabora, wengi wao hulipa dola 50 kwa njia ya mtandao wakiwa wamekaa sebuleni. Sisemi hili ili kulaumu ofisi yoyote, maana kila nchi ina sheria zake. Nasema ili wanaodhani kwamba tunapanda ndege kama daladala wajue hali ilivyo.

Walionyimwa ni mkulima wa tumbaku na mama mmoja mrina asali. Fedha ya mkulima huingia mara moja kwa mwaka, baada ya masoko, kisha akaunti hukaa kama debe tupu hadi msimu mwingine. Ya mama yule haijawahi kulala benki. Iko kwenye simu, kwenye sanduku la kikundi chao cha kuweka na kukopa, na kwenye mizinga yake iliyoko porini upande wa Sikonge. Karatasi waliyopewa ilisema kwamba kuna shaka kama wataondoka kabla ya muda wa viza kwisha. Mkulima huyo ana ng'ombe, mashamba na wajukuu kumi na mmoja, na kwa umri wake wote hajalala nje ya wilaya yake zaidi ya wiki moja. Sisi wastaafu na waajiriwa, ambao kwa kweli ndio tungeweza kuzamia, tulipita bila swali, kwa sababu tuna hati ya mshahara au ya pensheni.

Kosa lilikuwa letu pia, na ninalikiri kama mweka hazina. Maombi yanaruhusiwa kuwasilishwa hadi miezi sita kabla ya safari, nasi tulisubiri hadi wiki za mwisho; tena hatukumwelekeza mkulima yule kupitisha mauzo yake benki, wala kuambatanisha hati za shamba na barua ya chama chake cha msingi. Matokeo yake msafara uliojiita wa ushirika ukawa msafara wa wenye mishahara. Hapo msomaji wako ana haki ya kuguna. Vikundi vingi vya kanisa vinavyosafiri vimejaa watu wale wale, na si kila mara kwa sababu viongozi wanapenda safari. Wakati mwingine ni kwa sababu hakuna aliyekaa na mkulima mwaka mzima akamwandalia makaratasi.

Safari yenyewe nitaipita upesi. Tulitoka Tabora kwa basi alfajiri, tukalala Dodoma, na kesho yake treni ya umeme ikatufikisha Dar es Salaam kwa muda ambao treni ya zamani ingekuwa bado inahangaika njiani. Kutoka Dar es Salaam ni ndege mbili, kisha gari dogo kutoka Hamburg kwenda kaskazini. Tulipofika Christiansfeld, huko Denmark, saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu usiku na jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama. Mwimbaji wetu mmoja wa sauti ya nne alikataa kata kata kwenda kulala, akisema kwao mtu halali mchana.

Christiansfeld ni mji mdogo uliojengwa na Wamoravian kuanzia mwaka 1773, na tangu mwaka 2015 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ukumbi wa kanisa ni mweupe kila mahali, mabenchi meupe, kuta nyeupe, mpana usio na nguzo katikati, na hauna madhabahu bali meza. Sakafu ni ya mbao, nayo hunyunyiziwa mchanga mweupe. Mchanga huo ulitushangaza kuliko kitu kingine. Sisi tunaamka alfajiri ya Jumapili kuufagia utoke kanisani, wao wanaununua na kuuingiza. Ibada ilikuwa tulivu, wengi waliohudhuria ni wazee, na tenzi huimbwa watu wakiwa wamekaa. Tulizijua tuni karibu zote, tukaimba Kiswahili chetu juu ya lugha yao, ila miguu ya waimbaji wetu haikutulia, na hadi kufika ubeti wa tatu nusu yetu tulikuwa tumesimama bila kukubaliana.

Huko ndiko nilikoyaona mambo mawili ambayo ningependa kila mzee wa baraza ayaone kabla hajaandika andiko lingine. La kwanza ni duka la mitumba. Mama mwenyeji wangu, ambaye umri wake umepita miaka themanini, alinichukua siku ya Alhamisi hadi kwenye duka hilo, ambako yeye na wazee wenzake hujitolea bila malipo. Watu huleta nguo, vikombe na vitabu wasivyovihitaji. Wazee huvichambua, huvifua, huvipiga pasi na kuvibandika bei, na faida hupelekwa kwenye kazi za kanisa katika nchi nyingine, yetu ikiwemo. Nilimtazama akipiga pasi shati moja la mistari. Alianza na kola, akaenda kwenye mikono, akalikagua tena dirishani, akaona kifungo kimoja kimelegea, akatoa sindano kwenye kopo la biskuti na kukishona. Kisha akaandika bei ambayo hapa Tabora, kwenye marundo ya mitumba sokoni, mteja angeomba apunguziwe.

Niliona haya, Mhariri. Miaka mingi nimekaa kwenye vikao ambavyo tulisema "wafadhili" kama mtu anavyosema "mvua", kitu kinachotoka juu bila mtu nyuma yake. Wengi wetu tunaamini kwamba makanisa ya Ulaya yanalishwa na serikali. Wamoravian wa Ujerumani hawamo katika kodi ya kanisa inayokusanywa kwa makanisa makubwa ya nchi hiyo. Wanajitegemea kwa michango ya waumini, kama sisi. Kile tulichokiita msaada kutoka ng'ambo kimepitia kwenye pasi ya bibi mmoja, shati kwa shati. Sijui kama wazee wangeweka kwenye andiko lile kipengele cha "posho za vikao" lau wangekuwa wamesimama karibu na meza ile.

Jambo la pili ni asali. Mama wa Sikonge aliyenyimwa viza alikuwa ametufungia asali yake ya msitu wa miombo, na kwa kuwa sheria za Umoja wa Ulaya zinamruhusu msafiri kuingia na asali isiyozidi kilo mbili kwa matumizi yake, kila mmoja wetu alibeba chupa. Kwa hiyo asali yake ilipata ruhusa aliyonyimwa mwenyewe. Kumbe Christiansfeld nao wanajulikana Denmark nzima kwa keki za asali, zinazookwa pale tangu karne ya 18. Katika karamu ya upendo, ambayo kwetu na kwao ni ibada ileile ya kunywa chai na kula mkate mtamu huku tenzi zikiendelea, chupa zetu ziliwekwa mezani karibu na keki zao. Asali yetu ni nyeusi na ina harufu ya moshi. Waliionja kwa ncha ya kijiko, wakanyamaza, kisha maswali yakaanza: inatoka kwenye maua gani, mzinga unatengenezwaje kwa magome, nani anapanda juu ya mti usiku, na huyo mama yuko wapi mbona hakuja? Tuliwaeleza kwa nini hakuja. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Naamini kwamba kama tungekuwa tumefika na andiko, saa ile tungekuwa tunajadili mabati.

Baada ya wiki moja tulisafiri siku nzima kwa treni na basi hadi Herrnhut, mashariki mwa Ujerumani, mji ulioanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia katika ardhi ya kabaila wa Kijerumani, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Mwaka 2024 nao uliingizwa katika urithi wa dunia, pamoja na Bethlehem ya Marekani na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini. Kila Mmoravian wa Tabora amelisikia jina la Herrnhut tangu darasa la kipaimara. Huko ndiko kila mwaka huchomolewa kwa kura, kama bahati nasibu, yale mafungu ya Biblia tunayoyasoma asubuhi, ambayo yamekuwa yakichapwa tangu mwaka 1731. Makaburi yake yako kwenye mteremko wa kilima, mawe yamelazwa chini, karibu yote sawa kwa ukubwa, ndugu wa kiume upande mmoja na wa kike upande mwingine, na waliozikwa hufuatana kwa tarehe ya kufa wala si kwa ukoo. Mhunzi kalala karibu na mwenye mashamba. Nilifikiria makaburi yetu ya siku hizi, yenye marumaru na picha ya marehemu, ila hayo ni ya barua nyingine.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya mtu aitwaye Anton. Sisi hufundishwa kwamba umisheni ulianza mwaka 1732, pale Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, walipotoka Herrnhut tarehe 21 Agosti, wakatembea kwa miguu hadi Copenhagen kutafuta meli ya kwenda kisiwa cha St. Thomas katika bahari ya Karibi. Hatuambiwi sana kwamba kabla yao kulikuwa na safari nyingine, iliyotoka upande wa pili. Mwaka 1731 Zinzendorf alikwenda Copenhagen kwenye kutawazwa kwa mfalme wa Denmark, akakutana huko na Anton, mtu mweusi aliyetoka utumwani St. Thomas. Mwezi Julai Anton alifika Herrnhut, akasimama mbele ya waumini, akawasimulia maisha ya watumwa na habari za dada yake aliyebaki kisiwani. Ni maneno yake yaliyowatoa akina Dober majumbani.

Anton alileta nini Herrnhut? Hakuwa na zawadi wala ombi la fedha. Alileta habari za watu wake, zisizopambwa. Mwenyeji aliyetutembeza hakutuficha yaliyofuata: kwamba baadaye misheni yenyewe kule visiwani ilimiliki mashamba na watumwa. Alilisema akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri adhabu. Nasi tukamwambia kwamba tumetoka katika mji ambao misafara ya watumwa ilipita na kupumzika, na kwamba si wote walioiongoza walikuwa wageni. Mazungumzo hayo yalichukua muda mrefu kuliko chakula cha mchana. Ni mazungumzo ambayo mfadhili na mfadhiliwa hawawezi kuwa nayo. Mmoja ataogopa kumkera mwenye fedha, mwingine ataogopa kuonekana anasimanga.

Wamoravian waliingia Urambo mwaka 1898, wakipokea kazi iliyoanzishwa na misheni ya London, na leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Wale wa Herrnhut na Christiansfeld wanalijua hilo kuliko sisi. Walituuliza jinsi vijana wetu wanavyokaa kanisani, jinsi mtaa unavyogawanywa ushirika unapokuwa mkubwa, mzee wa kanisa asiye na mshahara anafanya nini siku ya Jumanne. Hayo ni maswali ya mtu anayetaka kujifunza kwako, na sikuwa nimejiandaa kuyajibu. Nilikuwa nimejiandaa kushukuru.

Sasa nirudi kwa msomaji wako. Tuliporudi tulikataa ile ibada moja kubwa ya kupokelewa yenye hotuba na maturubai, badala yake tukagawana mitaa yote ya ushirika, wawili wawili, tukakaa na watu jioni tukisimulia, na kujibu. Baadhi waliondoka wamechukia kwamba zahanati bado inavuja. Hata hivyo katika mtaa mmoja, baada ya habari ya lile shati, kinamama walianza kuuliza kwa nini sisi wenyewe hatuna meza ya namna hiyo, na kabla ya mavuno walikuwa wamekwisha kununua bati kumi na mbili. Sidai kwamba safari ndiyo iliyozinunua. Nasema tu kwamba zimepigwa misumari na nimezihesabu.

Wenzetu wanatarajiwa kuja, nao watalala majumbani, wala si hotelini. Mkulima wa tumbaku ameomba wawili, na tayari amenitumia mtu aniulize kama wanakula ugali wa muhogo. Mwaka huu anapitisha mauzo yake benki, na nakala za hati zake ninazo mimi.

Kuhusu hesabu, daftari la mapato na matumizi ya safari liko kwa katibu wa ushirika, na msomaji yule akipita Tabora namkaribisha alifungue ukurasa wowote. Keki tulizoleta zilikuwa chache na ya kwanza niliipeleka Sikonge kwa mwenye asali. Aliitafuna taratibu, akanywa maji, akaniuliza asali yenyewe wameificha wapi.

Mwalimu mstaafu,
Ng'ambo, Tabora